Hulka, Tunu na Ukweli katika Mapenzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachumba na Wanandoa wa Moshi na Arusha

Maswali haya yametokana na mazungumzo ya unasihi na wachumba na wanandoa wa Moshi na Arusha: walimu, wauguzi, madereva wa watalii, wafanyabiashara wa Soko la Kilombero, wanafunzi wa vyuo. Mifano imechanganywa ili mtu asitambulike. Tafiti zinazotajwa zilifanyika zaidi Marekani, Ulaya na Australia, kwa hiyo msomaji azipime kwa maisha anayoyajua mwenyewe.

Je, ni lazima tabia zetu zifanane ili turidhike?

Hapana. Wenzi wanapofika wakiwa wamechokana, neno la kwanza huwa ni "hatuendani", na wanalisema kama vile limemaliza mjadala. Mwaka 2010 Portia Dyrenforth na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za maelfu ya wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani, wakipima ni kwa kiasi gani kuridhika kwa mtu katika ndoa kunatokana na hulka yake mwenyewe, hulka ya mwenzi wake, au kufanana kwao. Hulka ya mtu mwenyewe ilieleza takriban asilimia 6 ya tofauti zilizoonekana kati ya watu, na hulka ya mwenzi ilieleza asilimia 1 hadi 3. Kufanana, ambako ndiko vijana wengi wanakokutafuta kwa bidii, hakukufikia hata asilimia 0.5.

Takwimu hizo zinasema jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kulihesabu, kwamba mtu huhamia katika ndoa pamoja na moyo wake. Binti asiyeridhika na chochote akiwa kwa wazazi wake Majengo hataanza kuridhika kwa sababu amehamia kwa mume Njiro, na kijana mwenye hasira za karibu hatapoa kwa kuoa mwenye hasira kama zake.

Utafiti mwingine mkubwa zaidi ulitoka mwaka 2020. Samantha Joel, Paul Eastwick na wenzao wengi waliunganisha takwimu za makundi 43 ya utafiti, jumla ya jozi 11,196 za wenzi, wakaipa kompyuta kazi ya kutafuta ni mambo gani yanayotabiri kuridhika. Yaliyoongoza yalihusu uhusiano wenyewe kuliko sifa za mtu mmoja mmoja: kama mtu anaona mwenzake amejitoa kwa dhati, kama anajihisi anathaminiwa, kama tendo la ndoa linamridhisha, na kama ugomvi si mwingi. Ndiyo maana anayesema "hatuendani" huombwa kwanza asimulie ugomvi wa mwisho. Mara nyingi sana anachosimulia ni kitendo: hakupokea simu, alinijibu vibaya mbele ya mama mkwe, alitoa fedha bila kunishirikisha. Vitendo vya namna hiyo vinaweza kuzungumzwa, na vingine vinaweza kuachwa kabisa.

Ni sifa zipi za hulka zenye uzito zaidi?

Wanasaikolojia wengi hupanga hulka katika sifa kuu tano: uchangamfu, upole na kujali wengine, umakini katika wajibu, udadisi wa mambo mapya, na wepesi wa kuingiwa na hofu, hasira au msononeko. Hii ya mwisho ndiyo inayoonekana tafiti baada ya tafiti kupunguza furaha ya wenzi. E. Lowell Kelly alianza katika miaka ya 1930 kuwafuatilia jozi 300 za wachumba wa Marekani, na matokeo yaliyochapishwa na yeye na James Conley mwaka 1987, baada ya zaidi ya miaka 40 ya ufuatiliaji, yalionyesha mambo matatu yaliyotabiri ndoa kuharibika: kuyumba kihisia kwa mume, kuyumba kihisia kwa mke, na mume kushindwa kujizuia katika matamanio yake.

Ubaya wa wasiwasi ni kwamba hujaza maana mahali pasipo na habari. Chukua mke wa dereva wa watalii anayekaa Sakina. Mume ameondoka alfajiri na wageni kwenda kaskazini mwa Serengeti, na kufika saa tisa alasiri ujumbe wake kwenye WhatsApp bado una tiki moja. Mke mtulivu anajua mtandao umekata, anaendelea na shughuli zake. Mwenye hofu ya karibu anaanza kukumbuka kuwa safari iliyopita pia kulikuwa na tiki moja, kwamba wiki hiyo mume alinunua manukato, kwamba shoga yake aliwahi kumwonya. Mume anapopata mtandao usiku anakuta jumbe kumi na mbili, ya mwisho ikiwa ni laana. Hakuna aliyedanganya hapo, na bado wote wawili wameumia.

Umakini katika wajibu ndio sifa ambayo, kwa maoni ya mwandishi, wachumba wa huku huidharau kuliko zote. Mchangamfu anapendwa haraka kwa sababu anajaza ukumbi. Miaka mitatu baadaye kinachopimwa ni nani anayekumbuka siku ya kliniki ya mtoto, nani analipa ada kabla shule haijafunguliwa, na nani anayetambua kuwa umeme wa LUKU umebakiza uniti mbili.

Mchumba wangu ni mkimya mno. Je, ni dalili mbaya?

Ukimya peke yake hauna ubaya. Angalia kama anajibu unapomuuliza jambo zito, na kama anachojibu leo ndicho atakachojibu mwezi ujao. Anayenyamaza kwa siku nne kama adhabu ana tatizo lingine, na hilo lisifunikwe kwa kusema "ndivyo alivyoumbwa".

Nyota zetu au vipimo vya hulka vya mtandaoni vinaweza kutusaidia kuchagua?

Nyota hapana. Vipimo vya mtandaoni vinafaa kwa mazungumzo ya Jumapili jioni, mradi msivitumie kuamua nani wa kuoa, hasa vile vinavyowagawa binadamu wote katika mafungu machache na kumpa kila mmoja jina la kupendeza.

Hulka ya mtu inaweza kubadilika, au "atabadilika tukishaoana" ni kujidanganya?

Yote mawili yana ukweli. Mwaka 2017 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 207 za watu waliopewa tiba au mafunzo ya aina mbalimbali, wakakuta kwamba hulka hubadilika kwa kiasi kinachoonekana, hasa ule wepesi wa hofu na msononeko. Kwa hiyo anayesema mtu hawezi kubadilika kabisa amekosea.

Lakini waliobadilika walikuwa wameingia wenyewe katika jambo lililokusudiwa kuwasaidia. Harusi haina nguvu hiyo. Kamati itakusanya michango, send-off itafanyika, kitchen party itafanyika, shangazi watatoa nasaha zao zote, na Jumatatu inayofuata bwana harusi atakuwa yule yule wa Ijumaa. Oa au olewa na uliyemwona. Akija kubadilika kuwa bora zaidi, shukuru.

Tunu ni nini, na zinatofautianaje na hulka?

Hulka inaonyesha jinsi mtu anavyoelekea kutenda na kuhisi. Tunu ni yale anayoyapa thamani na ambayo yuko tayari kuyalipia kwa fedha, muda au usumbufu. Mtafiti Shalom Schwartz alipendekeza mwaka 1992 mpangilio wa tunu 10 za msingi zinazoonekana katika jamii nyingi, zikiwemo usalama, mila, mafanikio, uhuru wa kujiamulia, na kuwajali watu wa karibu. Tunu hizo huvutana: anayeweka mila juu sana na anayeweka uhuru binafsi juu sana watagongana hata kama wote ni wapole na wakarimu.

Mahali pa kuziona ni mwezi Desemba. Katika familia nyingi za Kilimanjaro, mwisho wa mwaka ni kwenda nyumbani, Rombo, Machame, Marangu au Kibosho, na kwenda huko kuna gharama: nauli au mafuta, mbuzi, mchango wa pombe ya mbege, zawadi za wazazi, ahadi ya kukarabati nyumba iliyo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Mwanamume aliyelelewa hivyo haoni kuwa anachagua. Kwake kutokwenda ni sawa na kumkana baba yake. Mke aliyekulia Arusha mjini, ambaye wazazi wake walihama kutoka Singida na hawakuwa na kijiji cha kurudi kila mwaka, anaona shilingi zile zile zikitoka wakati ada ya Januari inakaribia. Wanagombana kuhusu Krismasi, na wanaweza kugombana hivyo miaka kumi, bila hata mmoja kumwambia mwenzake jambo analoogopa kulipoteza. Mume anaogopa kuitwa mtoto aliyepotelea mjini. Mke anaogopa kurudi kwenye ufukara alioukimbia mama yake.

Hapo tofauti ya tunu si ndogo, na si kweli kwamba upendo utaimaliza. John Gottman, aliyewachunguza wenzi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alikadiria kuwa takriban asilimia 69 ya migogoro ya wenzi hujirudia bila kumalizika, kwa sababu imeshikana na namna watu walivyo. Wenzi walioridhika nao wanayo migogoro hiyo. Wamejifunza kuizungumza bila kudharauliana. Wenzi wa mfano wetu wanaweza kukubaliana kiasi cha Desemba ifikapo Agosti, wakaamua mwaka upi waende wote na mwaka upi aende mume peke yake, na ndugu za mume wakaambiwa mapema na mume mwenyewe. Wajibu huo wa kuwaambia usiachiwe mke. Mke anayelazimika kumtetea mume wake mbele ya wifi zake hushindwa hata akiwa na haki.

Tunu nyingine inayofaa kuangaliwa kabla ya mahari ni ile inayohusu ndugu. Nani atasomeshwa na sisi? Mdogo wangu akipata chuo Dodoma, chumba chake na chakula chake vinatoka wapi? Mama akizeeka, atahamia kwetu au sisi tutarudi kihambani? Wachumba wengi huziona hizi kuwa habari za wazee, wakazungumza rangi ya harusi kwa miezi minne.

Sisi ni wa madhehebu au dini tofauti. Je, tutaridhika?

Mnaweza, kwa sharti kwamba swali la watoto lijibiwe kabla na lijibiwe na ninyi wawili. Ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri ni jambo la kawaida huku, lakini Kanisa Katoliki humtaka muumini wake apate ruhusa na aahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo, na mwenzake aelezwe kuhusu ahadi hiyo. Baadhi ya wenzi husaini wakiwa na haraka ya tarehe ya ukumbi, kisha mtoto anapozaliwa kila upande unakuja na msimamizi wake wa ubatizo. Kwa Mwislamu na Mkristo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, ila cheti hakijibu swali la mtoto ataitwa nani na ataswali au atasali wapi.

Je, nimwambie mchumba wangu kila kitu kuhusu maisha yangu ya nyuma?

Si kila kitu, na swali hili ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Kuna faragha na kuna ufichaji. Idadi ya wapenzi wa zamani, maneno uliyoandikiana nao, jinsi mlivyoachana kwa machozi: hayo ni yako, na kuyamwaga yote kwa jina la uwazi mara nyingi humpa mwenzako picha ambazo hataweza kuzifuta. Ufichaji ni kumnyima mtu habari ambayo angeihitaji ili aamue maisha yake.

Kipimo kinachofaa ni hiki: kama angejua, je, uamuzi wake wa kuoana na wewe, au masharti yake, vingebadilika? Kwa kipimo hicho mtoto uliyemwacha kwa bibi yake Hai lazima asemwe. Ndoa ya awali isiyovunjwa kisheria lazima isemwe, na mke mwenza pia. Deni kubwa lazima lisemwe, sawa na ugonjwa unaoujua tayari, unaoweza kumwambukiza mwenzako au kuzuia uzazi. Kuhusu virusi vya Ukimwi sheria nayo inadai hivyo: Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka anayejua kuwa ameambukizwa amjulishe mwenzi wake. Anayeogopa kusema peke yake anaweza kumleta mwenzake kwenye ushauri nasaha na upimaji, na mtaalamu akawasaidia wote wawili.

Wakati wa kusema pia una uzito. Mtoto anayetajwa mwezi wa tatu wa uchumba ni habari. Mtoto huyo huyo anayejulikana siku ya pili baada ya send-off, kwa kupitia shangazi asiyejua kuwa ni siri, ni usaliti. Aliyefichwa huanza kukagua upya kila alichoambiwa, hata yale yaliyokuwa kweli. Hapo ndipo ukweli unapogusa hulka na tunu: yote uliyodhani unayajua kuhusu mwenzako uliyapata kutoka kwake, na sasa hujui ni yapi yaliyochujwa.

Uongo mdogo wa kulinda amani unaruhusiwa?

Watu wote huutumia. Bella DePaulo na wenzake waliwaomba watu waandike kila siku uongo wao, na katika matokeo ya mwaka 1996 wanafunzi wa chuo walidanganya takriban mara mbili kwa siku, watu wa kawaida takriban mara moja. Tafiti zake za baadaye zilionyesha kuwa watu wa karibu huongopewa mara chache zaidi kuliko wageni, lakini uongo ule mzito, wa kuficha usaliti na mambo makubwa, mara nyingi huhusisha watu wa karibu hao hao.

Kusifu ugali ulioiva kupita kiasi hakujavunja ndoa. Tatizo ni pale uongo wa kulinda amani unapokuwa njia ya kawaida ya kukwepa mazungumzo, kiasi kwamba mwenzako anaamini unafurahia mambo ambayo kwa kweli yanakuchosha.

Mume au mke amekopa bila kuniambia. Je, huo ni uongo sawa na usaliti?

Wanandoa wengi wanaofika na tatizo hili husema uchungu wake ni ule ule. Mikopo midogo yenye riba kali, ile inayoitwa kausha damu, imeingia majumbani mwetu, na wanaoikopa mara nyingi ni akina mama wenye vibanda na genge, ambao hawana dhamana ya benki. Siri hujulikana kwa namna moja karibu kila nyumba: mtu wa marejesho anafika mlangoni.

"Mama, hiki kitabu ni cha nini?"

"Ni cha kikundi, baba watoto."

"Si uliniambia ulishatoka kwenye kikundi?"

Baada ya hapo maneno hukimbilia kiasi cha deni, wakati swali la haraka zaidi ni kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia mkopeshaji asiyemjua kuliko kumwambia mume. Wakati mwingine jibu linamgeukia mume mwenyewe. Alipoombwa mtaji mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema biashara ya mke ni mchezo. Mara ya tatu hakuombwa. Hilo halimwondolei mke wajibu wake, kwa kuwa deni lililofichwa linaweza kuchukua friji na makochi ya nyumba nzima, lakini nyumba ambayo kila ukweli unaadhibiwa huzalisha uongo hata kwa watu wanyofu.

Utaratibu ambao umewasaidia wengi ni wa kawaida sana. Mara moja kwa mwezi wenzi huweka mezani kila kitu chenye namba: daftari la VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) lenye mihuri ya hisa, salio la SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), ujumbe wa simu wa miamala, ahadi za michango ya harusi na misiba. Hakuna kulaumiana siku hiyo. Lawama hupewa siku nyingine. Kila mmoja hubaki na kiasi kidogo ambacho haulizwi, kwa sababu mtu mzima anayeomba nauli ya bodaboda kwa mwenzake ataanza kuficha.

Nina haki ya kukagua simu ya mwenzangu?

Mkikubaliana kuachiana simu wazi, ni sawa. Kuikagua kwa siri usiku hakuleti utulivu unaoutafuta: usipokuta kitu utasema amefuta, na ukikuta kitu utalazimika kwanza kueleza ulikipataje. Kama una shaka, sema shaka yenyewe na ilikotoka.

Mwenzangu husema "mimi ni mkweli, nasema kama ilivyo", lakini maneno yake yananiumiza. Je, ninadeka?

Hudeki. Ukweli unaosemwa kwa dharau hubeba habari mbili, na msikilizaji huipokea ile ya pili. Gottman aliitaja dharau, yaani kumcheka mwenzako, kumkejeli, kumtazama kama mtu wa chini, kuwa miongoni mwa dalili kubwa zaidi za ndoa inayoelekea kuvunjika. "Wali haukuiva" ni ukweli. "Kwenu hamkufundishwa kupika" ni matusi kwa mama mzazi wa mtu, hata kama wali haukuiva kweli. Inafaa pia kuangalia mkweli huyo anakuwaje mbele ya bosi wake. Kama huko anajua kupima maneno, basi anaweza kuyapima nyumbani.

Mwenzangu anafanya kazi ya utalii, hayupo wiki kadhaa. Kwa nini mimi nateseka kuliko wake wa wenzake?

Msimu mkubwa, Juni hadi Oktoba, unazipima nyumba nyingi za Arusha, na watu hawaupokei kwa namna moja. Sehemu ya maelezo inatoka karibu na hapa: katikati ya miaka ya 1950 Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama na watoto wachanga nchini Uganda, akaona jinsi watoto wanavyotofautiana katika kumtumia mama kama mahali pa usalama. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walipendekeza kuwa mapenzi ya watu wazima nayo yana mifumo inayofanana na hiyo. Wapo wanaotengana na mtu wakiwa na hakika atarudi, wapo wanaoishi kwa hofu ya kuachwa, na wapo wanaojitenga mapema ili wasiumie.

Kwa mwenye hofu ya kuachwa, viapo vya mapenzi husaidia kidogo. Kinachosaidia ni ahadi ndogo zinazotimizwa: mume akisema nitapiga nikifika Karatu kabla mtandao haujapotea, apige akifika Karatu. Naye mke amwambie mapema kuwa saa za usiku ndizo zinazomsumbua, badala ya kungoja arudi amechoka na vumbi la njia ndipo aanze kesi.

Mtu asiye mnyofu anajulikanaje mapema?

Watafiti Michael Ashton na Kibeom Lee wameongeza kwenye zile sifa tano sifa ya sita, unyofu na unyenyekevu: kutopenda kuwatumia watu, kutojiona unastahili kuliko wengine, kutovutwa na anasa. Aliye chini katika sifa hii anaweza kuwa mchangamfu na mkarimu wakati wa uchumba, kwa hiyo usimpime kwa anavyokutendea wewe unayetafutwa. Mwangalie anaporudishiwa chenji iliyozidi pale stendi, anavyomsema rafiki aliyetoka kumkumbatia sasa hivi, na alivyohesabu fedha za kamati ya harusi ya ndugu yake. Ukimsikia anajisifu jinsi alivyomzidi mtu akili, usicheke naye, kwa kuwa siku moja atakayezidiwa akili ni wewe.

Tumeishi pamoja miaka mitatu, lakini nikimuuliza kuhusu ndoa anabadilisha mada.

Mada inayobadilishwa kila mara ni jibu. Kisheria, watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika na jamii kama mume na mke huchukuliwa kuwa na dhana ya ndoa, yaani hudhaniwa kuwa wameoana, kwa kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kinga hiyo inahusu haki zako. Kuhusu nia yake, muulize mara moja kwa swali lisilo na mlango wa pembeni, mkiwa wawili, na umpe siku ya kujibu.

Ananipiga, lakini watu wanasema ni hasira tu, ndiyo hulka yake.

Hulka haihalalishi kipigo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila ingesema vinginevyo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, na kama umeumia nenda hospitali kwanza. Ushauri wa kuboresha mawasiliano uliotolewa katika majibu mengine hapa haukuhusu wewe; usalama wako unatangulia.

Tumeshaharibu. Tuanzie wapi, na kwa nani?

Aliyekosea aanze kwa kukiri jambo lenyewe kwa jina lake, bila "kama nilikukosea". Wachaga wana jani la isale, linalopelekwa kwa aliyekosewa kuomba msamaha, na uzito wake unatokana na kwamba anayelileta amekubali kuwa kuna kosa. Kisha aliyeumizwa apewe nafasi ya kuuliza maswali yake, hata yale yale kwa mara ya nne, kwa kipindi fulani.

Mkishindwa wenyewe, chagueni mtu mmoja kabla ya kuita ukoo: wasimamizi wenu wa ndoa, mshenga, mchungaji, padri au sheikhe, mtu ambaye nyote mnaamini hatarudisha maneno kwa wifi na mashemeji. Wengi hukosea kwa kuanza na kikao cha watu kumi na watano, ambapo kila mmoja ana upande na wanandoa wanatoka na aibu mpya juu ya tatizo la zamani. Mnasihi wa taaluma anafaa hasa pale ambapo kuna msononeko wa muda mrefu, ulevi, au ile hofu isiyotulia iliyoelezwa hapo juu.

Na kama mmoja wenu tayari anazungumzia talaka, ajue kwamba kwa kawaida mahakama haitapokea ombi lake kabla shauri halijapitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza hayo yapo katika kata, na yapo pia yaliyo chini ya taasisi za dini. Nendeni mkiwa mmeandika kila mmoja karatasi yake ya mambo anayotaka yabadilike, kwa maneno ambayo mwenzake anaweza kuyatekeleza wiki hiyo hiyo: "awe ananipigia akichelewa" linasuluhishika, "awe mtu mzuri" litaahirishwa hadi kikao kijacho.